Kompyuta ya Linux Inavyowaka: Jinsi ya Kufuata Hatua Zake na Kutambua Iliposimama

Mwaka juzi katibu wa shule moja hapa Arua, Uganda, aliniletea kompyuta mpakato iliyokuwa imefutwa kila kitu. Ndani yake kulikuwa na alama za wanafunzi za mihula mitatu. Asubuhi moja ilikataa kufika kwenye ukurasa wa kuingilia, ikabaki na maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, naye akaipeleka kwenye karakana ambako aliambiwa kwamba mfumo umeharibika na dawa yake ni kuweka mfumo mpya. Waliuweka, na alama zikapotea. “Mwalimu, walisema hakuna njia nyingine,” aliniambia, kisha akanionyesha picha ya skrini aliyokuwa ameipiga kwa simu siku ile ya kwanza. Nilihuzunika nilipoisoma, kwa sababu skrini ilikuwa imetaja waziwazi kitu kilichokosekana, na kukirekebisha kungechukua dakika tano. Nitayarudia maandishi hayo mahali pake.

Mwongozo huu ni wa fundi, mwalimu au mtunza maabara ambaye ana kompyuta zinazotumia Linux na anataka kujua kinachotendeka kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na kuandika nenosiri. Nimeuandika kwa Kiswahili kwa kuwa hapa West Nile ndiyo lugha inayomkutanisha fundi Mlugbara na mteja Mkakwa au mgeni kutoka Kongo. Amri nitakazozitoa ni za Debian na za Ubuntu, ile ambayo jina lake Muganda yeyote atalitambua upesi kwa sababu ya neno obuntubulamu, yaani utu. Matoleo mengine ya Linux hufuata njia ileile, ingawa baadhi ya amri zao zina majina tofauti.

Mtu aliyewahi kutazama lori la matoke likishushwa sokoni tayari anaujua mpango wenyewe. Aliye juu ya lori humpa mkungu aliye chini, huyo humpa wa tatu, wa tatu humpa wa nne, mpaka mkungu ufike kwenye lundo. Kila mmoja ana kazi ya kupokea na kumkabidhi anayefuata, na mkungu ukianguka huanguka kati ya watu wawili. Kompyuta huwaka hivyohivyo. Programu ya ubao mama hukabidhi kazi kwa kipakiaji kiitwacho GRUB, GRUB huikabidhi kwa kerneli ambayo ndiyo kiini cha Linux, kerneli hutumia mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs kuifikia diski, na mwisho kazi hufika kwa systemd, ambayo huamsha huduma zote na kukuletea ukurasa wa kuingilia. Ukitaka kuitengeneza kompyuta iliyokataa kuwaka, swali la kwanza ni moja tu: mkungu umeanguka kati ya nani na nani?

Kabla Linux haijaguswa

Umeme unapoingia, prosesa haijui chochote kuhusu diski wala Linux. Huanza kutekeleza programu fupi iliyohifadhiwa katika chipu kwenye ubao mama. Katika kompyuta za zamani programu hiyo ni BIOS, iliyokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Katika kompyuta mpya ni UEFI. Kazi yake ya kwanza ni kukagua vifaa: kumbukumbu ya ramu, kadi ya picha, kibodi, diski. Ikiwa kompyuta inalia milio mfululizo na skrini haionyeshi kitu, hakuna amri ya Linux itakayosaidia. Ichomoe kwenye umeme, toa vipande vya ramu, pangusa meno yake kwa kitambaa kikavu na uvirudishe kwa kuvibana mpaka vifunge. Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia kila mahali, na nimeona kompyuta nyingi zikiamka kwa kazi hii peke yake.

Baada ya ukaguzi programu ya ubao mama hutafuta wa kumkabidhi. BIOS husoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski: 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la mgawanyo wa diski, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba diski inaweza kuwasha kompyuta. Baiti 446 hazitoshi kuandika programu ya maana, kwa hiyo zilizopo huita tu sehemu kubwa zaidi ya GRUB iliyowekwa mbele kidogo kwenye diski. UEFI ina akili zaidi. Inaweza kusoma patisheni ndogo, yaani sehemu iliyogawanywa ya diski, yenye fomati ya FAT, na humo hufungua faili ambayo, kwa Ubuntu, hukaa katika folda ya EFI/ubuntu na huitwa shimx64.efi. Faili hiyo imetiwa sahihi ya kidijitali ili ikubalike hata pale ulinzi wa Secure Boot umewashwa, nayo ndiyo huifungua GRUB.

Ni lazima ujue kompyuta yako inatumia njia ipi kati ya hizi mbili. Kompyuta ikiwa imewaka, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike:

ls /sys/firmware/efi

Ikileta orodha ya faili, imewashwa kwa UEFI. Ikikuambia kwamba folda hiyo haipo, imewashwa kwa njia ya BIOS. Iandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike chini ya kompyuta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kompyuta nyingi zinazotufikia zimekwisha kutumika kwingine kwa miaka, na betri yao ndogo ya duara, ile ya CR2032 yenye volti 3, imechoka. Betri hiyo ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na katika kompyuta nyingi mipangilio ya ubao mama hurudi ilivyotoka kiwandani. Mfumo uliowekwa kwa UEFI unaweza ghafla kutafutwa kwa njia ya BIOS, na skrini ikaandika “No bootable device” ilhali diski ni nzima na kila faili ipo. Fundi asiyelijua hili husema diski imekufa. Nunua betri mpya, ingia katika mipangilio ya ubao mama, rudisha njia uliyoiandika kwenye karatasi, weka tarehe sahihi, kisha hifadhi.

Saa pia inastahili maneno machache. Tarehe ikiwa ya miaka kumi iliyopita, kivinjari kitakataa tovuti salama kwa madai kwamba vyeti vyake si halali, na watu watadhani intaneti ndiyo mbovu. Tena, kompyuta yenye Windows na Linux pamoja mara nyingi huonyesha muda unaopishana kwa saa tatu kamili. Linux huchukulia kwamba saa ya ubao mama inafuata wakati wa dunia wa UTC, nayo Windows huichukulia kuwa inafuata wakati wa hapa. Kwa kuwa Uganda iko saa tatu mbele ya UTC, saa nne asubuhi iliyowekwa na Windows huonekana katika Linux kuwa saa saba mchana. Amri ifuatayo, ambayo neno sudo mwanzoni mwake huipa ruhusa ya msimamizi, huifanya Linux ikubaliane na Windows:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Kompyuta yenye Linux peke yake haihitaji amri hiyo, na ni vyema isiwekewe.

GRUB, mlango ambao wengi hawauoni

GRUB ina kazi mbili: kukuonyesha menyu ya mifumo iliyopo, na kupakia kerneli pamoja na initramfs kwenye ramu. Ubuntu ikiwa peke yake kwenye diski, menyu hiyo hufichwa, na wengi hutumia kompyuta miaka mitano bila kuiona. Ili uione, gusa kitufe cha Esc mara moja muda mfupi baada ya nembo ya kiwanda kutokea, au shikilia Shift ikiwa kompyuta ni ya BIOS. Kwenye maabara ninayoitunza nimeiacha wazi kwa sekunde tano katika kila kompyuta, na nashauri kila mtunza maabara afanye hivyo, kwa sababu siku ya tatizo hutataka kubahatisha muda wa kugusa kitufe. Fungua faili ya mipangilio:

sudo nano /etc/default/grub

Andika humo, au badilisha pale ambapo tayari pameandikwa:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT=""

Mstari wa tatu kwa kawaida huwa na maneno “quiet splash”, ambayo huficha ujumbe wote nyuma ya nembo nzuri inayozunguka. Nimeyaondoa. Nembo hiyo haimsaidii mtu yeyote kompyuta inapokwama, lakini mstari wa mwisho ulioandikwa kabla ya kukwama humsaidia fundi kuliko kitu kingine chochote. Hifadhi faili kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, kisha andika:

sudo update-grub

Amri hiyo ndiyo huandika upya faili ya /boot/grub/grub.cfg, ambayo GRUB huisoma. Usiihariri faili hiyo kwa mkono, kwa kuwa maandishi yako yatafutwa kerneli mpya itakapowekwa.

Menyu ikiwa mbele yako, weka alama kwenye mfumo unaoutaka na ubonyeze herufi e. Utaona mistari ambayo GRUB inakusudia kuitekeleza, na miwili kati yake ndiyo moyo wa jambo lote. Mmoja huanza na neno linux na kutaja faili ya kerneli, kwa kawaida vmlinuz ikifuatwa na namba ya toleo, pamoja na “root=UUID=” na namba ndefu inayotambulisha patisheni yenye mfumo. Wa pili huanza na neno initrd na kutaja faili ya initramfs. Unaweza kuongeza neno mwishoni mwa mstari wa linux na kuwasha kwa Ctrl+X. Badiliko hilo ni la mara hiyo moja tu, na ukiwasha tena litakuwa limetoweka, kwa hiyo huna sababu ya kuogopa kujaribu. Ukiongeza systemd.unit=rescue.target, kompyuta itawaka na huduma chache tu za lazima.

Wakati mwingine menyu haitokei, na badala yake unakuta maneno “grub rescue>”. Maana yake ni kwamba kipande cha kwanza cha GRUB kimefanya kazi, lakini hakikuipata folda yenye vipande vingine, mara nyingi kwa sababu mtu aligawa diski upya na namba za patisheni zikabadilika. Andika ls uone patisheni zilizopo, kisha ijaribu kila moja, kwa mfano ls (hd0,gpt2)/boot/grub, mpaka uipate inayoorodhesha faili. Ukiipata:

set root=(hd0,gpt2)
set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu itarudi. Ukishaingia katika mfumo, itengeneze GRUB kwa amri ya sudo grub-install ikifuatwa na sudo update-grub. Kwenye kompyuta ya BIOS taja diski nzima, kwa mfano sudo grub-install /dev/sda, wala usitaje patisheni.

Kerneli na mfumo mdogo wa muda

Herufi z katika jina vmlinuz hutukumbusha kwamba faili hiyo imebanwa. Ikishapakiwa kwenye ramu hujifungua, hupanga kumbukumbu, huamsha prosesa zote na kuanza kuvitambua vifaa. Hapo hukutana na tatizo ambalo limewasumbua wanafunzi wangu wengi mpaka nilipowaeleza hivi: ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Ili kerneli iisome diski yenye mfumo, huenda ikahitaji kipande cha programu cha kuendesha diski ya aina hiyo, au cha kufungua diski iliyofichwa kwa nenosiri, na vipande hivyo vimehifadhiwa kwenye diski hiyohiyo. Initramfs ndiyo ufunguo wa akiba. Ni mkusanyo mdogo wa faili ambao GRUB huuweka kwenye ramu kando ya kerneli, wenye vipande vya lazima na programu fupi ya kuitafuta diski halisi kwa UUID yake. Ikishaipata huifungua, huifanya kuwa mzizi wa mfumo, kisha hujiondoa.

Faili hiyo haiji tayari kutoka kiwandani. Hutengenezwa ndani ya kompyuta yako kila kerneli mpya inapowekwa, na hapo ndipo umeme hutudhuru. West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa kwa miaka mingi, na sisi tuliokulia huku tunajua umeme ukikatika katikati ya kazi ni jambo la kawaida. Ukikatika wakati kompyuta inasasishwa, kerneli mpya yaweza kuwa imewekwa huku initramfs yake haijakamilika. Hali hiyohiyo hutokea patisheni ya /boot inapojaa kerneli za zamani, pasibaki nafasi ya faili mpya. Siku inayofuata skrini huandika:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Neno “panic” huwatisha watu, lakini maana ya mstari huu ni ndogo: kerneli imeamka salama na haikuikuta diski, kwa kuwa haikupewa ufunguo. Faili zako ziko palepale. Zima kompyuta, ingia kwenye menyu ya GRUB, chagua “Advanced options”, kisha chagua kerneli ya toleo la nyuma, isiyokuwa na maneno “recovery mode”. Karibu kila mara itawaka. Ukiwa ndani, kagua kwanza nafasi iliyopo:

df -h /boot

Ikiwa imejaa, ondoa kerneli zisizohitajika kwa sudo apt autoremove --purge. Kisha kamilisha kazi iliyokatizwa na utengeneze initramfs za kerneli zote zilizobaki:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ndiyo maana sipendi kuona mtu akiondoa kerneli zote za zamani ili apate nafasi. Bakiza walau moja ambayo una hakika iliwaka vizuri. Nayo kompyuta ya mezani isiyo na betri wala kifaa cha kuhifadhi umeme, isasishe saa ambazo umeme wa kwenu huwa na utulivu.

Kuna mkwamo mwingine wa hatua hii: kompyuta husimama kwenye mstari wenye neno initramfs na kusubiri uandike amri. Soma kilichoandikwa juu yake. Ikiwa kuna neno “ALERT!” likifuatwa na UUID ambayo “does not exist”, diski yenye namba hiyo haikuonekana. Zima kompyuta, fungua kifuniko, kaza waya wa diski au ichomoe na kuirudisha, kisha jaribu tena. Ikiwa kumeandikwa “UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY”, diski ipo, ila mpangilio wa faili zake umevurugika, kwa kawaida baada ya umeme kukatika ghafla. Fomati ya ext4 huweka daftari la mabadiliko yanayoendelea, na daftari hilo huiwezesha kujirekebisha yenyewe mara nyingi; ikishindwa huomba msaada wako. Taja patisheni iliyoandikwa kwenye ujumbe:

fsck -y /dev/sda2

Subiri imalize, kisha andika reboot. Tatizo hilo likijirudia kila wiki bila umeme kukatika, ishuku diski yenyewe na unakili faili zako siku hiyohiyo.

systemd na mstari uliopoteza alama

Mzizi wa mfumo ukishafunguliwa, kerneli huanzisha programu moja tu, yenye namba 1, nayo ndiyo huanzisha nyingine zote. Katika Debian tangu toleo la 8 na Ubuntu tangu toleo la 15.04, yote mawili ya mwaka 2015, programu hiyo ni systemd. Huduma zisizotegemeana huziamsha kwa pamoja, na zinazotegemeana huzipanga kwa zamu, mpaka ifike kwenye lengo lililowekwa. Kwenye kompyuta yenye skrini ya picha lengo hilo huitwa graphical.target.

Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni kusoma faili ya /etc/fstab, ambayo huorodhesha patisheni zote zinazopaswa kufunguliwa. Kila iliyoandikwa humo huhesabiwa kuwa ya lazima, isipokuwa umesema vinginevyo. Sasa narudi kwenye picha ya yule katibu. Ilikuwa na mstari wa “Timed out waiting for device”, chini yake “Dependency failed for /media/akiba”, na mwisho “You are in emergency mode”. Shule ilikuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na mtu aliyeiweka aliiandika kwenye fstab kama diski ya lazima. Siku moja diski ile iliazimwa na ofisi nyingine. Kompyuta iliisubiri kwa dakika moja na nusu, haikuiona, ikasimama na kusema haikuiona. Diski ya ndani, pamoja na alama zote, haikuwa na kasoro hata moja.

Ukikutana na hali hiyo, kwanza rudisha kifaa kilichochomolewa na uwashe tena. Kama hakipatikani, andika nenosiri la root, yaani msimamizi wa mfumo, au bonyeza Enter ikiwa ndivyo skrini inavyokuelekeza, kisha:

mount -o remount,rw /
nano /etc/fstab

Tafuta mstari unaotaja folda iliyolalamikiwa, weka alama ya # mwanzoni mwake, hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, na uandike systemctl reboot. Kompyuta ikishawaka, urudishe mstari huo kwa namna isiyoweza kuifunga tena, ukiweka UUID halisi unayoiona kwa amri ya lsblk -f:

UUID=namba-ya-diski /media/akiba ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10 0 2

Neno nofail huiambia systemd iendelee hata diski isipokuwepo, na lile la mwisho hupunguza muda wa kuisubiri hadi sekunde 10. Ningependa kila anayeandika diski ya nje kwenye fstab ayakariri maneno hayo mawili.

Kompyuta inayowaka lakini kwa kuchelewa ni jambo dogo zaidi. Amri ya systemd-analyze huonyesha muda uliotumiwa na kila hatua, kuanzia ubao mama ikiwa ni kompyuta ya UEFI, na systemd-analyze blame hupanga huduma kuanzia iliyochukua muda mrefu. Ukiona NetworkManager-wait-online.service ikiongoza, ujue kompyuta inasubiri mtandao ambao pengine haupo. Ikiwa mfumo unawaka na ukurasa wa kuingilia hautokei, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa maandishi, ukague kwa df -h kama diski imejaa, kisha usome makosa ya mara hii kwa journalctl -b -p err, au ya mara iliyotangulia kwa journalctl -b -1 -p err.

Kuingia kwa flashi

Kila njia ikishindwa, andaa flashi ya Ubuntu kwenye kompyuta nyingine na uwashe nayo. Katika Dell na Lenovo menyu ya kuchagua kifaa hufunguliwa mara nyingi kwa F12, na katika HP kwa Esc kisha F9. Hakikisha flashi imewaka kwa njia ileile, UEFI au BIOS, iliyoandikwa kwenye karatasi yako. Ukiulizwa kama unataka kujaribu au kuweka mfumo, chagua kujaribu. Hapo ndipo diski nyingi za watu zimepotea, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kabla ya kutengeneza chochote, nakili faili. Tazama patisheni kwa lsblk -f, itafute ile kubwa ya ext4, uifungue kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sda2 /mnt

Kwenye kompyuta mpya diski yaweza kuitwa nvme0n1, na patisheni yake nvme0n1p2. Faili za watumiaji ziko ndani ya /mnt/home. Chomeka diski ya nje na uzinakili zote, kisha fungua mbili au tatu kutoka kwenye nakala hiyo uone kama zinasomeka. Diski ikigongagonga, au amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikijaa “I/O error”, ishia hapo. Diski hiyo inahitaji kubadilishwa, na kila kazi unayoiongezea inaiumiza.

Diski ikiwa nzima na tatizo ni GRUB, ifungue tena kwa kuandika, unganisha sehemu zinazohitajika, na uingie katika mfumo wake. Mstari wa /boot/efi ni wa kompyuta ya UEFI tu, na sda1 ni mfano wa patisheni ya FAT:

sudo mount -o remount,rw /mnt
sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
exit

Kwa BIOS andika grub-install /dev/sda badala ya grub-install pekee. Ikijibu “Installation finished. No error reported.”, andika sudo reboot, chomoa flashi skrini inapokuambia, na uache kompyuta iwake kutoka kwenye diski yake.